Usiende mbugani kumtafuta simba peke yake

Mpenzi msomaji, kama wewe ni mkazi wa Nairobi mwenye watoto, hebu jiulize swali hili kabla ya kuendelea kusoma. Je, watoto wako wamemwona wapi kifaru? Bila shaka wamemwona katika runinga, ama katika kitabu cha shule. Tena humshika mkononi kila unapowatuma dukani, kwani tangu mwaka 2018 kifaru yumo katika sarafu yetu ya shilingi 5, twiga katika shilingi moja, simba katika shilingi 10 na ndovu katika shilingi 20. Lakini kifaru mwenyewe, yule anayepumua na kula majani, yuko umbali wa kilomita zipatazo 7 tu kutoka katikati ya jiji. Ni mwendo mfupi kuliko ule ambao wengi wetu husafiri kila asubuhi kwenda kazini.

Sisi tunaoishi upande wa magharibi wa jiji, kuanzia Kilimani na Kawangware hadi Dagoretti, Karen na Lang'ata, tuna sababu zetu za kutokwenda. Nimezisikia mara nyingi katika ploti yetu. Wa kwanza atakwambia kwamba karo haijalipwa. Wa pili atakwambia kwamba mbuga ni ya watalii wenye kofia pana na kamera shingoni. Wa tatu, ambaye labda aliwahi kwenda zamani akiwa mwanafunzi, atakwambia kwamba alizunguka siku nzima na simba hakumwona, basi kuna faida gani?

Leo nataka tuzungumze kuhusu sababu hizo tatu, na hasa ile ya mwisho. Kwa maoni yangu, mzazi anayewapeleka watoto mbugani kumtafuta simba peke yake amewapeleka kutazama sarafu kubwa zaidi, basi.

Kwanza, tuijue mbuga yenyewe

Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1946, nayo ndiyo mbuga ya kitaifa ya kwanza katika nchi yetu. Kabla ya hapo uwanda huo ulikuwa malisho ya Wamaasai na mifugo yao, jambo ambalo ni vizuri watoto wetu walijue. Ukubwa wake ni kilomita 117 za mraba. Ukilinganisha na Tsavo au Maasai Mara, hiki ni kipande kidogo tu. Hata hivyo, ndani yake mna simba, chui, nyati, vifaru weusi na weupe, twiga, punda milia, pofu, kongoni, viboko, mamba, na aina zaidi ya 400 za ndege. Mnyama mkubwa usiyemkuta akizurura humo ni ndovu. Ndovu waliopo ni wale yatima wachanga wanaotunzwa katika makao yaliyoanzishwa mwaka 1977 kwa kumbukumbu ya David Sheldrick, ambapo wageni huruhusiwa kuwatazama kwa muda wa saa moja hivi kila siku, baada ya kuagiza nafasi mapema.

Ardhi ya mbuga hii si ya namna moja. Upande wa magharibi, ulio karibu na sisi wa Lang'ata na Karen, kuna miinuko yenye msitu. Ukishuka kuelekea mashariki na kusini unaingia katika uwanda wa nyasi, halafu unafika kwenye makorongo na Mto Mbagathi, ambapo migunga ya manjano husimama kando ya maji. Pande tatu za mbuga zimezungushiwa ua wa nyaya. Upande wa nne, yaani kusini ng'ambo ya mto, hauna ua. Tafadhali mpenzi msomaji, likumbuke jambo hilo la upande wa nne, maana nitalirudia.

Anzeni kwa miguu

Usimpeleke mtoto mbugani siku ya kwanza kama humpeleki mahali pengine popote penye miti. Macho ya mtoto wa jiji yamezoea kutazama vitu vinavyomjia mbio: magari, picha za runinga na simu. Macho hayo yanahitaji mazoezi.

Sisi tulianza na bustani ya miti iliyo karibu na Ikulu, upande wa Kileleshwa, ambayo wengi huiita Arboretum. Mtu mzima anaweza kufika huko kwa miguu kutoka katikati ya jiji. Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka, kwa sababu magari ya moshi ya wakati ule yalikula kuni nyingi mno. Leo ina aina zaidi ya 350 za miti. Niliwapa watoto kazi moja tu: kila mmoja achague mti, aushike gome, aokote jani lake, kisha atueleze ni nani anayeishi juu yake. Kitindamimba wangu alichagua mti ambao tumbili walikuwa wakiurukia, na alikaa chini yake nusu saa bila kuomba simu ya mtu.

Hatua ya pili ilikuwa lango kuu la mbuga, Barabara ya Lang'ata. Huko kuna mambo mawili ambayo hayahitaji gari. Kuna makao ya wanyama yatima, yaliyoanzishwa mwaka 1964, ambako hutunzwa wanyama waliopatikana wakiwa wagonjwa, wamejeruhiwa au wamepoteza mama zao. Halafu kuna njia ya kutembelea kwa miguu iitwayo Safari Walk, yenye daraja refu la mbao linalopita juu ya msitu, bwawa na nyasi. Huko watoto wangu walimwona bongo, yule swala mwekundu wa misituni mwenye mistari myeupe, ambaye katika nchi yetu amebaki wachache sana porini. Matatu za Ongata Rongai, nambari 125 na 126, zinazotoka karibu na Stesheni ya Reli, hupita hapo hapo mbele ya lango. Kwa hivyo usiniambie kwamba ni lazima mtu awe na gari.

Tulivyochanga

Ndani ya mbuga kwenyewe ni sharti uwe garini, isipokuwa sehemu maalumu zilizotengwa. Hapa ndipo sababu ya fedha inapoingia, nami siidharau. Familia ya watu watano ikikodi gari peke yake itaumia. Lakini, kama wahenga walivyosema, haba na haba hujaza kibaba. Akina mama wa ploti yetu tulikuwa tayari na chama chetu cha kila mwezi. Tukakubaliana kwamba kwa miezi mitano kila nyumba itaweka kando kiasi kidogo, na likizo ya Agosti tutakodi nisani ya viti 14. Watoto walikuwa tisa, wakubwa wanne, pamoja na dereva.

Mmoja wa hao wakubwa wanne alikuwa bawabu wa ploti yetu. Ni kijana wa Kimaasai kutoka upande wa Kitengela, ambaye watoto wote humwita mjomba. Akina mama walikubaliana kwa kauli moja kwamba tusimtoze chochote, kwa sababu yeye ndiye huwafungulia watoto lango jioni wanapotoka shule. Nilipomwambia, alicheka. "Mama, mimi nimezaliwa ng'ambo ya mto," akasema. "Hiyo mbuga nimeiona tangu utotoni, lakini kwa lango sijawahi kuingia."

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Agosti ni mwezi wa baridi na mawingu Nairobi, na watoto walikuwa wamejifunika kama wanakwenda Limuru. Lakini ni mwezi mzuri kwa safari hiyo. Wakati wa kiangazi maji huwa haba katika nyanda za kusini, na wanyama wengi huingia mbugani kufuata mabwawa na mto. Mvua zikinyesha hutawanyika tena kwenda nje, kutafuta nyasi mpya. Mbuga hii, kwa hivyo, ni kama sebule ya nyumba ambayo vyumba vyake vingine viko ng'ambo ya mto.

Kwanza tulisimama mahali pembe zilipochomwa. Hapo ndipo tarehe 18 Julai 1989 Rais Daniel arap Moi alipowasha moto tani 12 za pembe za ndovu, ili ulimwengu ujue kwamba Kenya imekataa biashara hiyo. Tarehe 30 Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta naye aliwasha tani 105 mahali hapo hapo. Majivu bado yapo. Kifungua mimba wangu, ambaye yuko katika umri wa kubishana, aliuliza kwa nini pembe hizo hazikuuzwa ili fedha zijenge shule. Nikamrudishia swali: ukimkamata mwizi wa kuku, je, utawauza wale kuku sokoni kwa mnunuzi yule yule aliyemtuma? Alinyamaza, ingawa sikuamini kwamba amekubali. Si neno. Mtoto anayebishana kuhusu ndovu tayari amempa ndovu nafasi kichwani mwake.

Simba na ng'ombe

Ilikuwa yapata saa tatu tulipowaona. Simba jike wawili walikuwa wamelala katika nyasi ndefu, wakionekana masikio tu na mgongo wa rangi ya nyasi zenyewe. Watoto tisa walihamia dirisha moja kwa pamoja, na dereva akawaonya kwa sauti ya chini. Mmoja wa simba aliinua kichwa, akatutazama kama mtu anayetazama matatu isiyo ya njia yake, kisha akakilaza tena.

Watoto walishangilia kwa kunong'ona. Ndipo mjomba, aliyekuwa amekaa kimya tangu langoni, aliposema: "Huyo ndiye aliyekula ng'ombe wa baba yangu watatu kwa usiku mmoja."

Mpenzi msomaji, ungeisikia ile nisani ilivyonyamaza. Mjomba hakusema kwa hasira. Alieleza kwamba alikuwa darasa la sita wakati huo, na kwamba mmoja wa ng'ombe wale ndiye angeuzwa kulipa karo yake. Mwaka uliofuata alichunga mbuzi badala ya kwenda shule. Kitindamimba wangu akamwuliza: "Mjomba, wewe unamchukia simba?" Mjomba alimtazama yule simba kwa muda. "Simchukii," akajibu. "Lakini wewe unamshangilia kwa sababu halali kwenu."

Nimekwisha sikia mahubiri mengi kuhusu kuhifadhi wanyama, lakini sijasikia somo lililoniingia kama hilo. Ule upande wa nne usio na ua, ambao unawapa wanyama nafasi ya kupumua, ndio huo huo unaompelekea simba ng'ombe wa watu. Juni 2012, huko Kitengela, wananchi waliokasirishwa na kuuawa kwa mbuzi wao waliwaua simba sita kwa siku moja. Machi 2016 simba dume maarufu aliyeitwa Mohawk alitoka mbugani akafika Isinya, akamjeruhi mtu, naye akapigwa risasi. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo simba walikuwa wameonekana wakirandaranda Lang'ata kwenyewe. Simba hao hawakuwa wamepotea njia. Njia zao za zamani ndizo zilizojengwa nyumba, zikawekwa nyaya, zikapitishwa barabara.

Lakini watu wa ng'ambo ya mto hawakukaa tu wakilia. Niliwasimulia watoto kisa cha Richard Turere, mvulana aliyekuwa akichunga ng'ombe wa baba yake pembezoni mwa mbuga hii hii. Aligundua kwamba simba huogopa taa inayotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya jua, kifaa cha kuwakisha taa za pikipiki na balbu za tochi zilizovunjika, akatengeneza taa zinazowaka na kuzimika kwa zamu kuzunguka boma, mithili ya mtu anayetembea na kurunzi. Simba wakaacha kuja. Mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 13, alialikwa California kuwaeleza watu jinsi alivyofanya. Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, zingatieni jambo hilo: hakuanza na maabara, alianza na ng'ombe waliokuwa wakiliwa.

Kuna pia mpango ulioanza mwaka 2000, ambapo wenye ardhi wa Kitengela walilipwa kila ekari ili wasizungushie ua, na wanyama wapite. Malipo yalipangwa yafike wakati wa kufungua shule, kusudi yasaidie karo. Nilipomsikia mjomba, ndipo nilipoelewa busara ya kuchagua wakati ule.

Mambo madogo na mambo makubwa

Baada ya simba, watoto walianza kutazama kwa macho mengine. Waliwaona karani tamba, ndege warefu wanaotembea kwa madaha kama makarani wa zamani wenye kalamu masikioni. Waliwaona kongoni waliosimama juu ya vichuguu kama walinzi. Dereva alisimamisha gari kando ya migunga mifupi yenye vinundu vyeusi. Mjomba alitueleza kupitia dirishani kwamba ndani ya vinundu hivyo huishi sisimizi. Mti huwapa nyumba, nao humshambulia yeyote anayekuja kuula, hata twiga. Upepo ukivuma katika matundu yao, mti hupiga mluzi. Tulizima injini tukasikiliza. Hakuna mtoto aliyeuliza habari ya simba mwingine.

Karibu na saa tano mawingu yalifunguka, na mbele yetu tukaona punda milia wanakula, nyuma yao daraja la reli mpya, na nyuma ya daraja maghorofa ya jiji. Daraja hilo, lenye urefu wa kilomita 6 hivi, linakatiza mbuga yenyewe, na treni ya kuelekea Naivasha ilianza kupita juu yake mwaka 2019. Kabla ya hapo barabara ya pembeni ya kusini ilikuwa imekwisha megea mpaka kipande chake. Sisemi nchi isijengwe. Nasema tu kwamba katika jiji hili ardhi isiyo na mwenyewe wa kuililia huondoka mapema.

Tumekwisha ona mfano. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, na mwaka 1999 watu walipigwa Karura wakipanda miche katika ardhi iliyonyakuliwa. Profesa Wangari Maathai na wenzake walisimama kidete, na leo bustani ile ni ya wananchi na msitu ule umejaa familia zinazotembea na kuendesha baiskeli kila Jumapili. Profesa na wenzake walivijua vizuri walivyovitetea. Mtoto ambaye hajawahi kuusikia mgunga ukipiga mluzi atatetea nini akiwa mtu mzima?

Maandalizi ya safari

Kwa wale ambao wako tayari kuanza kuchanga, haya hapa machache yatakayowafaa.

Ada ya kuingia hubadilika mara kwa mara, kwa hivyo ulizia kiwango cha siku hizo kabla ya kupanga. Wakenya hulipa kidogo kuliko wageni, na watoto hulipa kidogo kuliko watu wazima. Gari nalo hulipiwa kulingana na viti vyake. Malipo hufanywa kwa njia ya eCitizen, basi malizeni shughuli hiyo nyumbani. Wakubwa wasisahau vitambulisho.

Fikeni alfajiri. Jua likishapanda, wanyama wengi hujificha kivulini. Bebeni chakula chenu: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu na chai ya chupa. Kuna mahali maalumu pa kupumzika na kula, lakini jihadharini na nyani na tumbili, ambao hawajui mkoba wa nani ni wa nani. Takataka zote mrudi nazo.

Pale kwenye vidimbwi vya viboko, kando ya Mto Mbagathi, kuna njia ya kutembea kwa miguu pamoja na askari wa wanyama. Msiikose. Hapo ndipo mtoto anapoweza kuuona ule upande wa nne kwa macho yake, ng'ambo ya maji.

Mpe kila mtoto daftari na umwambie aandike mambo kumi, simba asihesabiwe. Na kama katika mtaa wenu yumo mtu aliyekulia karibu na wanyama, awe Mmaasai wa Kitengela, Mtaita wa Voi ama Mmeru aliyelimiwa shamba lake na ndovu, mlipieni aende nanyi. Atawaambia yale ambayo hayamo katika bango lolote la langoni.

Watoto wa ploti yetu sasa wamefungua chama chao wenyewe. Wanaweka sarafu katika mkebe wa majani ya chai, na wamekubaliana kwamba safari ijayo haitakuwa ya mbugani. Wanataka kwenda ng'ambo ya mto, nyumbani kwa kina mjomba, kuona ng'ombe na boma linavyowashwa taa usiku. Mimi nimeombwa kuchangia nauli. Nimekubali.